Sange Asema Kila Neno

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walivaa viatu Jumapili na kwenda kanisani, palikuwa na Sange. Mnamjua Sange? Ni yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Mbio zake, pyuu! kama jiwe la manati. Alikuwa fundi cherehani, na kijiji kizima kilimjua kwa jambo moja: hasemi uongo.

Mzee wa kanisa alikuwa Kiboko. Loo, huyo akiomba, madirisha yanatetemeka! "Ee Bwaaana!" Waumini wanaitika, "Amina!" Lakini akishatoka nje, mdomo uleule unatukana mpaka nzi wanakimbia.

Sasa, Kiboko alilitamani shamba la viazi la Bibi Nungunungu, mjane aliyeishi kando ya mto. Akapanga kumzushia kwamba amelilaani kanisa, ili afukuzwe kijijini. Akamwahidi rafiki yake Nyati nusu ya shamba. Ila nani angewaamini? Wakamwendea Sange.

Nyati akabaki barabarani kuzuia wapita njia. Kiboko akaingiza kichwa dirishani, maana mlangoni hakuenea.

"Sange! Jumapili utasema umemsikia Nungunungu akililaani kanisa."

"Sikumsikia, Mzee."

"Nimesema utasema!"

"Na mimi nimesema sikumsikia. Mdomo huu asubuhi umemwomba Mungu. Siwezi jioni kummalizia nao jirani yangu."

Kiboko akaweka mguu juu ya paa. Kraa! Boriti ikavunjika. Watoto wa Sange wakaingia uvunguni, "Mama! Mama!"

Sange aliogopa, pua hadi mkia, wanangu, siwafichi. Akawaza, kisha akasema:

"Mzee, maneno ya kutunga siyawezi. Nieleze wewe jambo lote, mwanzo hadi mwisho. Jumapili nitayasema kama ulivyoyasema. Sipunguzi neno, siongezi neno."

"Unaapa?"

"Siapi. Nikisema ndiyo, ni ndiyo."

Kiboko akafurahi, akamwaga yote. Moyo ulivyomjaa, hakujua pa kukomea.

Jumapili ikafika, Kiboko akayatoa mashtaka yake kanisani. Bibi Nungunungu alikaa benchi la nyuma, miiba imemlala kwa huzuni, kwa kuwa uvumi ulikuwa umeshamfikia. Mchungaji Korongo akauliza, "Mashtaka haya yana shahidi?"

"Yupo!" Kiboko akanguruma. "Sange, panda kwenye kiti. Sema kila neno!"

"Kila neno, Mzee?"

"Kila neno, nimesema!"

Sange akapanda. Moyo ulimwasha aongeze matusi yake mwenyewe, kwani nyumbani watoto walikuwa wakinyeshewa. Akayameza.

"Ndugu waumini, haya ni maneno ambayo Mzee Kiboko alikuja kuniambia nyumbani. 'Sema ulimsikia yule kikongwe wa miiba akililaani kanisa. Hakulilaani, lakini nani atajua? Waumini wenyewe mabwege. Nikipaza sauti wanaitika amina tu.'"

Kanisa zima likageuka kumtazama Kiboko.

"Nyamaza wewe!" Kiboko akafoka.

"Bado sijamaliza, Mzee. 'Akishafukuzwa, shamba ni langu lote. Nyati nimemdanganya atapata nusu. Kichwa maji yule, ataambulia maganda.'"

"Uongo! Uongo mtupu!" Kiboko akapayuka, jasho linamtiririka.

Nyati akaruka, kiti puu! chini. "Maganda? Mimi? Si uliniambia tutagawana nusu kwa nusu?"

Basi! Hapakuhitajika shahidi mwingine.

Kiboko akamgeukia Sange, macho mekundu. "Nitakukanyaga!"

"Nikanyage," Sange akasema, wala hakushuka. "Nikanyage hapa hapa mbele ya madhabahu, mchana kweupe, wote wakuone."

Mguu ukainuka. Waumini nao wakainuka: Swala, Ngiri, hata Nyati. Walisimama tu, wakamtazama. Mguu ukashuka polepole, haukukanyaga mtu.

Mchungaji Korongo akamvua Kiboko uzee wa kanisa, akamwagiza akaezeke paa la Sange kwa mikono yake mwenyewe kabla ya mvua nyingine.

Ndipo Bibi Nungunungu akasimama kule nyuma, na miiba yake yote ikasimama, shaaa!

"Mzee Kiboko," alisema, "nimekusamehe, kwa kuwa Bwana wangu amenisamehe mengi. Lakini shambani kwangu hukanyagi!"

"Amina!" waumini wakaitika, na mara hii kila mmoja alijua anaitikia nini.

Kwa hiyo, wanangu, anayeusafisha moyo wake hana haja ya kuuogopa mdomo wake.