Mlango wa Mwana Time

Kaeni vizuri. Mwanaidi, umemkalia mwenzio mguu. Mimi nikisema "nyuma", nyinyi semeni "turudi". Nyuma? Turudi. Nyuma zaidi? Turudi zaidi. Basi tumefika, shikaneni mikono msipotee.

Tumefika enzi zile mvua ilipokuwa ikitembelea miji kwa zamu kama mgeni mwenye adabu, isipokuwa mji wa Mtondooni. Pale, msimu wake ukifika, ilikuja na haikujua kuaga mapema. Ilinyesha asubuhi, ikapumzika kula, ikanyesha jioni. Kila kitu kiliota majani. Ukisahau jembe ukutani, mpini unachipua. Ukisimama mno kumsalimu mkweo, kisigino kinaota kijani. Mnacheka. Mimi nilipohadithiwa haya sikucheka, maana bibi yangu alikuwa na bakora na shabaha nzuri.

Sasa Mtondooni palikuwa na sheria. Kila mwaka, siku ya ishirini baada ya masika kukoma, Jumbe wa mji alipita nyumba kwa nyumba. Akafungua mlango mara tatu, akaufunga mara tatu. Mlango ukisimama, nyumba ni yako. Ukianguka, nyumba ni gofu: paa linashushwa, na mawe yote na kiwanja chake anapewa jirani wa ukuta wa pili. Imekwisha hiyo, hakuna wa kumlilia.

Msabaha aliijua sheria hiyo tangu utotoni. Alikuwa mpishi katika majahazi ya safari, na alikuwa ametembea miaka kumi na miwili. Mama yake, Mwana Time, alifariki mwaka wa kwanza tu wa safari hiyo. Nyumba ikabaki tupu, na mwana hakuwa na habari. Aliporudi akapewa habari ya msiba njiani, na kitu cha kwanza alichokiona mtaani ni mlango wa mama yake, umesimama palepale, maua yake ya kuchongwa hayajameguka hata jani moja. Akaugusa, akalia kidogo, kisha akasema, "Mbao za zamani zilikuwa mbao kweli." Akaingia.

Hakuuliza, wanangu. Miaka kumi na mmoja ya mvua ile, naye hakuuliza. Lakini nisimseme sana. Mimi mwenyewe nimezunguka nchi za watu nusu ya umri wangu, na nilichorudi nacho ni mafua na maneno mengi.

Jirani wa ukuta wa pili alikuwa Bi Mkasi, mama mmoja mfupi, magoti yamechoka, ulimi bado. Alikuja na bakuli la uji wa pilipili manga.

"Karibu nyumbani, mwanangu. Pole kwa mama."

"Nimeshapoa, Bi Mkasi. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia unataka kuupaka mlango."

"Ninaupaka sandarusi, ule utomvu wa mti, iliyochemshwa na mafuta. Huko nilikokwenda, milango inang'aa mpaka unajitazamia ukichana nywele."

Bi Mkasi akamtazama kichwani. "Nywele zenyewe ziko wapi?"

Msabaha akacheka, maana ilikuwa kweli.

"Nisikilize," akasema Bi Mkasi. "Mbao hizo zimelowa mvua za vuli. Usizifunike na maji yake ndani. Ngoja jua la siku saba. Na kile kimkuyu kilichoota penye mwimo, pale ubao wa pembeni unapokutana na ukuta, usikate majani tu. King'oe na mzizi."

Msabaha akaitika vizuri, akanywa uji wote, lakini mgeni alipotoka tu, shetani wa hesabu akamwingia. Mlango ukianguka, mawe anapata nani? Bi Mkasi. Kiwanja je? Bi Mkasi. "Ahaa," akajisemea. "Anataka nikawie, masika yaukute mlango mtupu."

Siku ileile akaupaka. Akapaka mara moja, akapaka mara mbili, akapaka mara tatu. Kimkuyu akakikata majani, akakipaka na chenyewe. Mlango ukang'aa. Watu wakaja kujitazama meno. Msabaha akasimama kando yake kama bwana harusi.

Masika yakaja. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Maji yaliyofungiwa ndani ya mbao yakakosa pa kutokea. Mlango ukavimba, ukagoma kufunga. Kisha ukatoa harufu ya chungu kilichosahauliwa. Kisha uyoga ukachungulia penye maungio, mweupe, mnono. Msabaha, mpishi, akautazama akafikiria mchuzi. Ndipo akatambua anataka kupika nyumba ya mama yake. Kimkuyu nacho kikapasua sandarusi, kikatoa majani matano mapya, kikausukuma mwimo mpaka ukaachana na ukuta.

Mvua ilipokatika, zikabaki siku ishirini Jumbe apite. Msabaha akaubonyeza mlango kwa chini. Kidole kikazama.

Akamwita fundi Bakame, seremala asiyependa maneno. Wakaung'oa mlango, wakaulaza kwenye magogo juani. Bakame akakwangua sandarusi, akakwangua uozo, akafika penye mbao nzima. Akanusa. Akakwangua tena.

"Nani alikuwa akiupaka huu?"

"Mimi. Sandarusi, mara tatu."

"Sizungumzii uchafu wako. Hii hapa chini. Mafuta ya papa. Yameingia kina cha ukucha. Hayaingii hivi kwa mwaka mmoja, wala miwili. Huu umesuguliwa na kupakwa kila kiangazi, miaka na miaka. Umeoza huku chini tu, yalikoshukia maji uliyoyafungia. Kwingine kote ni mzima."

"Na kama usingepakwa?"

"Ungerudi ukakuta gofu."

Msabaha akakaa chini. Akavuta hesabu yake ya zamani, ikamgeukia. Nani alikuwa karibu? Nani alijua habari za mkuyu na jua la siku saba? Akaondoka bila viatu.

Bi Mkasi alikuwa anachambua mchele.

"Bi Mkasi, mlango wa mama. Ni wewe."

"Mimi nini? Mbona huna viatu?"

"Miaka kumi na mmoja."

"Ah. Mwana Time aliniomba niutunze, siku zake za mwisho. Akasema utarudi, kipara au bila kipara."

"Ungeuacha tu. Mawe yangekuwa yako, na kiwanja. Kwa nini hukuacha uanguke?"

Bi Mkasi akatupa jiwe la mchele nje. "Ningepata mawe, ningekosa jirani. Nitapiga soga na mawe?"

Msabaha akamshika miguu. "Nilikudhania vibaya, mama. Nisamehe."

"Nilijua. Uliunywa uji wangu kama mtu anayekagua sumu. Inuka, jua linakwenda. Chukua makumbi ya nazi na majivu."

Basi akainuka. Akausugua mlango kwa makumbi na maji ya majivu mpaka kijani chote kikatoka. Akaung'oa mkuyu na mzizi wake, mrefu kama mkia wa ng'ombe. Bakame akakata sehemu iliyooza, akaunga mbao mpya, akauinua mwimo juu ya jiwe usinywe maji ya chini. Wakaukausha siku saba, hata moja haikupungua. Ndipo Bi Mkasi akaketi kigodani akiamuru, na Msabaha akapaka mafuta ya papa, akinuka hata paka wa mji wakamfuata nyuma kama msafara wa maulidi.

Siku ya ishirini Jumbe akafika. Akafungua, akafunga. Akafungua, akafunga. Akafungua mara ya tatu; bawaba ikalia, na Msabaha akashika ukuta. Akafunga. Mlango ukasimama.

"Umesimama," akasema Jumbe. "Nyumba ni yako, Msabaha. Umeutunza."

"Hapana, Jumbe. Mimi nusura niuue. Miaka yote hii, mlango umesimama kwa mikono ya huyu mama. Nataka mji usikie."

Mji ukasikia. Bi Mkasi akajifunika uso kwa upande wa kanga, akasema anaumwa magoti, watu waondoke. Kesho yake alfajiri alisikia mtu anasugua kitu nje kwake. Alikuwa Msabaha, na makumbi, na majivu, ameanza na mlango wa Bi Mkasi. Na kila kiangazi kilichofuata alianza na huo.

Wanangu, kitu chenu mkikikuta kizima baada ya kukiacha muda mrefu, msikisifu kitu. Ulizeni nani alikuwa akikitunza, mkamshukuru akiwa bado anasikia.

Nimesema hadi mate yamekauka. Aliyesikia amsimulie aliyesinzia, na mmoja wenu aniletee maji.