Padi Iliyotoka Darini kwa Popo

Kaeni sawasawa. Na aliyekuja na mikono michafu akanawe kwanza, maana hadithi hii ina uchafu wake unaotosha.

Korogwe paliishi mwanamke aliyeitwa Bi Mwanahamisi, mke wa Mzee Shebughe. Alikuwa bibi afya, mkaguzi wa mabucha, migahawa na vyoo. Kazi alistaafu, lakini kinyaa chake hakikustaafu. Hakunywa chai kwenye kikombe ambacho hakukiosha mwenyewe. Akipewa mkono msibani aliupokea, kisha macho yakaanza kutafuta maji.

Mdogo wake Mzee Shebughe alikuwa na watoto watatu, watu wazima, kila mmoja na kipawa chake. Mbwana, muuza simu za mitumba, alikuwa na macho: kitu halisi na cha bandia alivitofautisha akiwa ng'ambo ya barabara. Hoza, wa gari la kunyonya vyoo, alikuwa na tumbo: tangu azaliwe hakuna kilichowahi kumtia kichefuchefu. Kidawa, fundi redio, alikuwa na mikono: kilichowashinda wenzake, yeye alikiwasha. Bi Mwanahamisi aliwapenda wote watatu kwa umbali, na Hoza kwa umbali zaidi.

Mwaka ule Mzee Shebughe akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini akaonya kwamba kidole gumba kifanyishwe kazi kila siku, la sivyo kitajikunja na hakitakunjuka tena. Mzee alipewa mpira wa kuminya, akautupa. Kitu pekee alichokubali ni gemu la zamani la kanda, ambalo watoto wake waliliacha walipooa na kuolewa. Alikaa mbele ya televisheni na padi mapajani, yaani kile kishikio chenye vitufe, akaendesha kindege kinachokwepa mawe. Kila asubuhi gumba lilisogea kidogo kuliko jana.

Sasa sikilizeni kosa, ambalo Korogwe nzima angelifanya mtu mmoja tu. Bi Mwanahamisi aliitazama ile padi akaona weusi wa jasho la miaka ishirini umejipanga kuzunguka vitufe. Basi akaitia padi kwenye sufuria, waya ukining'inia nje, akaichemsha dakika kumi kama alivyowafundisha watu kuchemsha maji ya kunywa. Kisha akailoweka kwenye dawa ya kuua vijidudu hadi asubuhi. Padi ikatoka inang'aa, inanukia, na imekufa. Mpira wa chini ya vitufe ulikuwa umelegea kama uji, na hakuna duka lililouza mpira wa aina ile.

Akanunua padi mpya. Ilinuka tairi lililoungua, na kitufe ukikibonyeza kilizama kisirudi. Ya pili ilikuwa ngumu hata kwa kidole kisichougua. Wiki tatu zikapita na Mzee hakugusa kitu, gumba likaanza kukunjamana kuelekea kiganjani. Usiku na mchana Bi Mwanahamisi alijua ni nani aliyelikunja.

Ndipo akatamka mbele ya majirani kwamba atakayemrudishia mumewe padi nzuri atapewa chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani. Mbwana alikitaka kiwe duka. Kidawa alikitaka kiwe karakana. Hoza alikitaka apate pa kulala tu, kwa kuwa wenye nyumba wawili walikwisha kumfukuza kwa harufu ya kazi yake.

Mbwana akatumia macho. Madukani na mnadani alionyeshwa padi zisizopungua ishirini, akazikataa zote bila kuzishika. Siku ya nne akapita penye banda la gemu lililofungwa zamani, sasa ni stoo ya mahindi. Kwenye ufa wa dari palining'inia ncha ya waya. Mpita njia angeona waya tu, ila Mbwana aliona chomeko lenye meno saba, sawasawa na la gemu la baba yake mkubwa. Mwenye stoo hakutaka mtu apande huko juu. Mbwana akamwambia kwamba ametumwa na Bi Mwanahamisi wa afya kukagua popo, na kwamba akikataa, stoo itafungwa leo hii. Mlango ukafunguliwa.

Mbwana alipochungulia darini akarudi nyuma, akaenda kumwita Hoza, naye Hoza akatumia tumbo. Dari lile lilikuwa mji wa popo. Mavi yao yalimfika viwikoni, mkojo wao ukamdondokea shingoni, na njiani palikuwa na panya aliyeoza ambaye ilibidi ampitie juu. Mbao zilikuwa mbovu, kwa hiyo alitambaa ameshika boriti kwa mikono yote miwili. Padi ilikuwa imezama kwenye mavi, na waya umetafunwa na panya hata ukivutwa ungekatika. Mikono haikuwa na nafasi, basi Hoza akaing'ata padi kwa meno, akarudi nayo kinyumenyume. Alipofika chini alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akanunua muhogo wa kuchoma, akala.

Padi haikuwaka, wakampelekea Kidawa, naye akatumia mikono. Alipoifungua padi, mende walimkimbilia mapajani. Ndani kulikuwa na utando wa jasho la vijana, vumbi na mayai ya wadudu, lakini mpira ulikuwa mzima, haujawahi kuchemshwa na mtu. Akachukua waya wa ile padi iliyokufa, akautia lehemu kwenye padi ya popo. Uchafu wa pembeni akausugua kwa spiriti na mswaki aliouona bafuni kwa mama yake mkubwa. Alipomaliza aliusuuza, akaurudisha kwenye kikombe chake.

Siku ya pili yake padi iliwekwa mkononi mwa Mzee. Gumba lilitetemeka, likajivuta, likabonyeza. Kindege kikakwepa jiwe la kwanza, kikakwepa la pili. Mzee akacheka, na mate yakamtoka upande wa mdomo uliolegea. Bi Mwanahamisi akayafuta kwa kiganja kitupu, na hakukumbuka kwenda kunawa.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi njema, ila watatu wale wakaanza kudai, na kila mmoja akajisifu kwa kueleza alivyofanya.

Mbwana alieleza alivyomtisha mwenye stoo. Hoza alieleza habari ya meno. Kidawa alieleza habari ya mswaki, na hapo Bi Mwanahamisi akashika koo.

"Mswaki huo nimesugulia meno jana na leo," alisema.

"Niliusuuza, mama mkubwa."

Alitoka nje akatema mpaka mate yakaisha. Aliporudi aliwakuta bado wanavutana. Mbwana alisema kwamba asiyekiona kitu hakichukui. Hoza alisema kwamba kuona si kuingia, maana hata yeye anaiona ikulu kwenye televisheni. Kidawa alisema kwamba kilicholetwa na wenzake kilikuwa takataka, na takataka haichezwi. Bi Mwanahamisi aliwatazama na kinyaa kikampanda upya, safari hii si cha mende. Miaka thelathini alifunga mabucha na migahawa kwa haki, na jina lake halikuwahi kutumika kumwonea mtu. Sasa limetumika, na mumewe anacheka kwa sababu hiyo.

Akamuuliza Mzee. Mzee alijibu polepole, macho yakiwa kwenye kindege.

"Mpe yule ambaye... bila yeye... kidole hiki kingelala."

Wote watatu wakaitikia kwa kichwa, kwa pamoja.

Bi Mwanahamisi akasonya. Akachukua ufunguo wa chumba, na viganja vitatu vikanyooshwa mbele yake. Cha Hoza kilikuwa na weusi kwenye kucha usiotoka kwa sabuni. Cha Kidawa kilinuka lehemu na spiriti, spiriti ileile ya mswaki. Cha Mbwana kilikuwa safi, kimepakwa mafuta, kucha zimekatwa, na ndicho kilichofungua mlango kwa uongo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake bibi afya hakujua mkono mchafu ni upi.

Nami niliyewasimulia sijui. Ufunguo bado anao, Mzee bado anacheza, na chumba bado kimefungwa. Haya, ninyi mlionawa mikono: mngeuweka kwenye kiganja kipi?