Mwalimu Korongo na Somo la Moto

Niiwashe ngano?

Iwashe, tuote!

Nikitia chumvi?

Tia, tuonje!

Hapo zamani za kale, wanyama wa mbugani walikuwa na shule. Mwalimu wao alikuwa Korongo, ndege mrefu, msomi, mwenye kuipenda sana sauti yake mwenyewe. Nani alimpa kazi? Msiniulize mimi. Wasemaji huwa hawakosi kazi.

Kila kiangazi moto ulipita mbugani. Kiangazi kilichotangulia ulikuwa umemchukua mtoto wa Mama Ngiri, akabaki na mmoja tu. Akampeleka huyo shuleni.

"Mwalimu, nifundishie huyu kuukimbia moto. Sina mwingine."

"Ondoa shaka, mama," akasema Korongo.

Basi Korongo akasimama mbele ya darasa kwa mguu mmoja. Akafundisha tangu asubuhi mpaka jua la utosi.

"Moto ukija, mtandaze mabawa, mruke juu! Moto ukija, mfanye nini?"

"Tutandaze mabawa, turuke juu!"

"Mmeelewa?"

"Tumeelewaaa!"

Ngiri mdogo aliitikia kwa nguvu kuliko wote. Kobe mdogo naye akaitikia, kutoka ndani ya gamba lake. Hata vifaranga wa kanga, ambao mabawa yao yalikuwa hayajaota vizuri, wakaitikia. Korongo akaenda zake ameridhika.

Jioni Mama Ngiri akamuuliza mwanawe, "Umejifunza nini?"

"Kutandaza mabawa."

"Yapi?"

Mtoto akageuka, akatazama mgongo wake.

Mama Ngiri akaenda kwa Korongo mbio, mkia juu. "Mwalimu, mwanangu ana mabawa?"

Korongo akakohoa. "Mama, mtaala ndivyo unavyosema."

"Nani aliutunga huo mtaala?"

"Mimi."

Korongo aliona aibu, ila kidogo tu. Akajiambia kwamba somo halina kosa, limekosa utamu. Kesho yake akaja na ngoma, akavaa njuga kwenye ule mguu wake mmoja. Watoto wakacheza mpaka vumbi likatimka. Wazazi wakapita, wakasema, "Siku hizi shule inapendeza!" Nyani, mkaguzi wa shule, naye akapita, akapiga makofi.

Ngoma ilipotulia, Korongo akauliza, "Moto ukija, mfanye nini?"

"Tucheze!"

"Mmeelewa?"

"Tumeelewaaa!"

Hapo Korongo aliogopa. Aliogopa kweli, jamani, si utani, maana nyasi zilikuwa zimeshakauka. Akaiweka ngoma chini, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi: akafunga mdomo. Akawafuata watoto makwao, akawatazama.

Akamwona Ngiri mdogo akiingia shimoni kinyumenyume, upesi sana. Akawaona vifaranga wakikimbia na kujibanza wote pamoja. Kobe mdogo alimkuta bado yuko njiani, anarudi kutoka shule ya jana.

"Kobe, ukisikia harufu ya moshi unafanya nini?"

"Naondoka, mwalimu. Kufika ndiyo sijawahi."

Korongo akaona kwamba siku zote alikuwa akifundisha mwanafunzi mmoja tu, na mwanafunzi huyo alikuwa Korongo.

Akarudi darasani, akachoma kinyesi kikavu cha nyati, moshi mtupu, bila moto. "Nionyesheni mtakavyofanya."

Wote wakakimbilia shimo la ngiri lililokuwa kando ya darasa, wakakwama mlangoni, Kobe akiwa chini yao analalamika. Korongo akacheka. "Vizuri! Heri mkwame leo. Sasa niambieni, tufanyeje?"

"Tupanue mlango," akasema Ngiri mdogo.

"Mniviringishe mimi kwanza," akasema Kobe.

Wakachimba, wakajaribu. Safari hii waliingia, lakini vifaranga wakakosa nafasi. Wakachimba zaidi ndani, wakajaribu tena, kwa kelele na mabishano.

Nyani akaja kukagua. Akaketi juu ya kichuguu, amekasirika. "Hili ni darasa au soko? Kimya! Mmeelewa?"

Papo hapo moshi ukatokea nyuma yake, na huo ulikuwa wa moto wa kweli. Watoto hawakumjibu. Walimviringisha Kobe, wakaingia vifaranga, akaingia Ngiri mdogo kinyumenyume, kwisha. Korongo, alipoona wote wameingia, akaruka juu.

Nyani akabaki ameketi, anangoja kuitikiwa. "Nimeuliza, mmeelewa?"

Moto ndio uliomwitikia, tena kwa nyuma. Ndiyo maana hata leo makalio ya nyani hayana manyoya. Akaenda kwa Simba kutoa taarifa, amesimama: "Shule ile haina nidhamu. Nimeuliza swali, hakujibu hata mmoja."

Moto ulipopita, Mama Ngiri alikuja anakimbia juu ya majivu ya moto, analia, anamwita mwanawe. Akaliona shimo, akataka kujitosa ndani.

"Mama, usiingie! Huku tumejaa!"

Mama Ngiri akaketi majivuni, akalia tena, na safari hii alikuwa anacheka.

Funzo lake ni hili: anayetaka kufundisha amjue kwanza anayemfundisha, na ajaribu somo lake mapema, likikwama alitengeneze pamoja na wanafunzi wake. Anayeitikia si lazima awe amejua.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye kichwa, ajitwike.