Yowe la Bi Mwanakheri

Jumatatu alfajiri, jamaa zangu, zimwi dogo lisiloonekana lilipita puani likaingia Mji wa Koo. Likavunja nyumba ya Bi Mwanakheri, kwa sababu zimwi hilo huzaa ndani ya nyumba za watu tu.

Bi Mwanakheri akapiga yowe.

“Unaomba msaada, bibi? Umechelewa!” zimwi likamcheka.

“Mimi nimekwisha. Nawaambia majirani wafunge, mjinga wewe!”

Kila nyumba yowe hilo lilipofika, liligeuka komeo mlangoni. Zimwi likasukuma mlango wa kwanza, umekomewa. Wa pili, umekomewa. Wa tatu, umekomewa. Walinzi wa mji wakawasha moto, ndiyo homa yenyewe, wakalimeza zimwi na watoto wake wote.

Alhamisi asubuhi homa ilishuka. Nyumba iliyobomoka ilikuwa moja, ya Bi Mwanakheri.