Kwa Nini Zumari Hupiga Yowe

Nyinyi mnaocheka zumari linapopiga yowe katikati ya harusi, funikeni vinywa vyenu mnisikilize. Kicheko hicho si cha mahali pake.

Hapo kale zumari halikuwa na tabia hiyo. Lilipigwa kavu, likapigwa kwa pupa, na bado lilitoa sauti tamu tu. Ulimi wake, ule ukindu mwembamba unaoshikwa kwa midomo, haukujua kulia. Enzi hizo aliishi mpigaji aliyeitwa Faki. Ndimi zake zote zilikatwa na mkewe, Mize, kwa kisu kidogo, na hakuna aliyemshinda kwa kazi hiyo. Faki alipewa sifa zote. Mize alipewa ukindu mwingine akate.

Siku moja Mize aliamka na homa kali, na siku hiyo hiyo Faki alikuwa ameitwa harusini, kijiji cha jirani. Mize alijikongoja, akaketi kitandani, akamkatia mumewe ulimi mpya.

"Ngoja niuloweke kidogo, mume wangu," alisema. "Na leo usikawie. Hali yangu siipendi."

"Watu wananingoja, Mize. Ukizidiwa, niite tu. Hapa na kule ni pua na mdomo, nitasikia."

Akauchukua ulimi ule mkavu vile vile, akaondoka.

Sasa, kwa watu wale ilikuwepo desturi. Zumari likishaanza kumwingiza bwana harusi, halikatwi mpaka aketi. Kulikata ni kisirani, ndoa haitadumu. Mpigaji hujaza mashavu pumzi, huku akivuta nyingine puani, wimbo ukaendelea bila kukoma. Faki alijivunia pumzi zake kuliko kitu chochote.

Bwana harusi ndiyo kwanza anaingia uani, zumari likapiga ukwenzi, yowe la mtu anayeomba msaada. Watu waligutuka, maana hawakuwahi kusikia kitu kama hicho. Faki akadhani vidole havijaziba matundu sawasawa, akavikaza. Likalia tena. Akadhani pumzi haitoshi, akapuliza kwa nguvu. Likalia zaidi. Mwisho akaubana ulimi kwa meno ili unyamaze, na kadiri alivyouma ndivyo ulivyozidi kulia.

Shaame, mpiga ngoma wake wa miaka mingi, alimwinamia sikioni.

"Faki, hilo halina kasoro. Linaita mtu. Liache, nenda nyumbani."

Faki alimsikia. Hilo ndilo linaloniuma: alimsikia vizuri. Lakini alimtazama bwana harusi, mtu wa maringo, anatembea kama anahesabu hatua, hajafika hata nusu ya ua. Faki akaendelea kupuliza. Mara ule ukwenzi ukakatika, na zumari likatoa sauti tamu kuliko siku zote. Watu wakashangilia. Faki naye akafurahi, akadhani amelitengeneza.

Alipofika kwake alikuta majirani wameketi barazani, kanga vichwani.

"Alikuita, Faki," jirani mmoja akamwambia. "Alikuita mpaka sauti ikamkauka."

Mize alikuwa amekwisha kufunikwa. Kando ya kitanda palikuwa na bakuli la maji, na ndani yake ulimi mwingine aliojikaza kumkatia, umeshalowa, tayari kupigwa. Faki aliutia mdomoni. Watu walimpa pole, hakumjibu mtu.

Hakwenda tena kwenye harusi ya mtu yeyote. Waliopita karibu na nyumba yake walimsikia akilipuliza zumari kavu, kwa makusudi, lipige yowe. Likishapiga, yeye huitika: "Naam, Mize. Nakuja."

Na tangu siku hiyo zumari hulia likipigwa kavu, likiumwa kwa meno au likipulizwa kwa pupa. Ndiyo maana mpigaji huutia ulimi mdomoni kwanza, akakaa kimya. Mkimsalimu asipowajibu, msiseme ana kiburi. Na likipiga yowe, hata kama bwana harusi hajaketi, mpigaji hulishusha, watu wote wakanyamaza, naye akasema kwa sauti ndogo, "Naam." Akishaitika ndipo anapopuliza tena.