Mawe ya Bright

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Bright, mwanafunzi wa jiolojia katika chuo kimoja mjini Kasese, aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, ila alidhani inawahusu wengine.

Baada ya mvua kubwa za Mei, wakulima wa Karambi waliona ufa mlimani juu ya nyumba zao. Wakakiomba chuo kiwaambie kama wahame au wabaki. Bright akatumwa aupime ufa huo na alete mawe ya palepale. Alipofika mji wa Bwera, chini ya mlima huo, akautazama, miguu ikamgomea. Basi bwana mtaalamu akaketi hotelini mbele ya sahani ya sombe, kisamvu cha huko, akabuni vipimo, kisha akaokota mawe matatu kwenye lundo la mjenzi kando ya barabara. Chini ya ripoti akaandika: "Mlima ni imara. Watu wabaki."

Kesho yake darasani, mwalimu Stanislas, mzaliwa wa Butembo kule Kongo, alidondosha asidi kwenye jiwe la kwanza. Likatoa povu.

"Bright, hii mawe ulitoa wapi?"

"Karambi, mwalimu. Juu kabisa, kwenye ufa."

"Mawe ya Karambi haitoake povu. Hii iko chokaa ya Muhokya. Malori ndiyo inaletaka ya kujengea."

Wenzake wakaangua kicheko. Bright naye alijaribu kucheka, lakini kwenye benchi la nyuma alikuwepo mama Edisa, mkulima aliyetumwa na majirani zake kuchukua jibu. Yeye hakucheka.

"Mwanangu, sisi tulale tu mule ndani? Niko na wajukuu wanne."

Uso ulimwaka Bright, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, sikupanda," alisema. "Sikufika hata kwako."

"Basi kesho unakuja. Nitakuonyesha njia mimi mwenyewe."

Afadhali angemtukana. Upole ule ulimuuma kuliko kicheko cha darasa zima.

Kesho yake alipanda nyuma ya mama huyo akihema. Ufa uliumeza mkono wake hadi begani. Jioni hiyo familia sita zilihama, na Bright akabeba magodoro yao. Kila aliyemwambia "asante, mwalimu" alimfanya ainamishe kichwa, kwa maana alijua angewaacha walale chini ya mlima ule. Uongo wake haukumaliza hata siku mbili. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.