Zimwi Aliyepokezwa Mtoto

Paukwa!

Pakawa!

Kinu?

Kina mpunga!

Mchi?

Una mtwangaji!

Mtoto?

Ana watu!

Haya, sogeeni. Na wewe Hidaya, mtoe mdogo wako kidole puani, nianze.

Alikuwako mwanamke mmoja jina lake Siwatu, mke wa Faki, mkulima wa mpunga. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kijijini. Ukiipita hiyo, unaingia msituni.

Siwatu alikuwa na watoto wawili. Mkubwa ni Mwanakombo, msichana wa miaka mitano, mwenye maswali kuliko kadhi. Mdogo ni Makame, wa miezi minane, ambaye jino lake la kwanza lilikuwa njiani na halikuwa na haraka ya kufika.

Basi, kwao kulikuwa na desturi. Mama akiwa na kazi mikononi na mtu akapita karibu, mama humwambia, "Nipokelee." Yule mtu humpokea mtoto. Haulizi kwa nini, wala hasemi ana haraka. Sheha alipokea. Mwalimu wa chuo alipokea. Siku moja bwana harusi alipokea, na kanzu yake nyeupe, akaingia kufungishwa ndoa huku ananuka maziwa.

Msituni nako kulikuwa na zimwi, jina lake Mung'unye. Alikuwa na meno marefu, kucha ndefu, na macho mekundu. Alichokitamani duniani ni kimoja tu: kula mtoto. Lakini nyama ya mtoto haipiti kooni mwa zimwi mpaka mtoto mwenyewe alie. Mtoto akilia, koo linafunguka. Mtoto akicheka, koo linafunga, kwap! Kijiji kizima kilijua hivyo, ndiyo maana wazazi wa huko hawakumwacha mtoto alie peke yake karibu na msitu. Mung'unye akawa anakula mizizi na kununa, miaka nenda miaka rudi.

Siku moja Faki aliondoka alfajiri pamoja na wanaume wenzake kwenda bondeni kuamia ndege, maana mpunga ulikuwa umeiva. Siwatu akabaki na watoto, na siku hiyo mambo yalimkataa tangu asubuhi.

Mwanakombo aliwapa kuku uji wa mdogo wake.

"Kwa nini umewapa kuku uji wa mtoto?" Siwatu akauliza.

"Kwa sababu kuku nao hawana meno, mama."

Makame naye akala mkaa. Siwatu akamwosha, akageuka kuchukua winda kavu la kumvalisha, aliporudi mtoto yumo kwenye majivu. Akamwosha mara ya pili. Mara ya tatu Mwanakombo alitaka kumsaidia mama yake, akampaka mdogo wake mafuta ya nazi, chupa nzima, kichwa mpaka unyayo. Mtoto akawa hashikiki, kila ukimnyanyua anateleza kama kambare.

Siwatu akataka kugomba, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. "Wazee walisema kweli," akasema. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea."

Basi, alasiri ikafika. Siwatu akamfunga Makame mgongoni kwa mbeleko, akaanza kutwanga mpunga. Tu, tu, tu. Makame akavuta nywele za mama yake. Tu, tu, tu. Akamng'ata bega kwa ufizi. Tu, tu, tu. Akamtia kidole sikioni.

Hapo Siwatu akasikia nyayo nyuma yake. Mtu anapita uani! Hakugeuka. Angegeuka ya nini? Aligeuka nani siku zote hizo? Akafungua mbeleko, akampitisha mtoto nyuma kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika mchi.

"Nipokelee, ndugu yangu, nimalize huu mpunga."

Na aliyepokea alikuwa zimwi Mung'unye.

Alikuja kumwiba mtoto, masikini. Alijipanga tangu juzi, akapita vichakani, akajichana miiba, anyakue na kukimbia. Hakuwahi kupewa mtoto kwa hiari. Akabaki amemshika Makame kwa mikono miwili, mdomo wazi, hajui aanzie wapi.

Kisha akakumbuka. "Alie tu kidogo, nimle."

Akamtolea mtoto meno yake marefu. Makame akayatazama yale meno yote, yeye aliyekuwa anahangaikia moja, akayashika na kucheka. Koo la zimwi likafunga, kwap!

"Alie tu kidogo, nimle." Akanguruma, nguuu! Makame akajibu, nguuu! Akacheka. Koo likafunga, kwap!

"Alie tu kidogo, nimle." Akayazungusha macho yake mekundu. Makame akacheka mpaka akapata kwikwi, na katika kule kucheka, akamkojolea zimwi kifuani.

"Amenikojolea!" zimwi akapiga kelele.

"Mkono ukinyewa na mtoto haukatwi, ndugu yangu," Siwatu akasema huku anatwanga. "Unaoshwa. Maji yamo mtungini."

Kisha akageuka.

Nawaambieni, wajukuu zangu, hakuna woga kama ule. Mchi ulimponyoka. Ukelele ukampanda mpaka kooni, akaumeza, maana alijua: akipiga ukelele, mtoto atashtuka, na akishtuka atalia. Akatabasamu. 

"Karibu, baba," akasema.

"Sina mengi," zimwi akasema. "Nangoja alie. Watoto wote hulia. Akilia tu, namla. Ukijaribu kuninyang'anya, naingia naye msituni."

Siwatu akatazama jua. Faki na wenzake watarudi na mapanga yao jua likichwea. Mpaka hapo, Makame asilie. Na tangu azaliwe, Makame hajawahi kumaliza alasiri moja bila kulia! Nyinyi mnaocheka hapo, mama zenu hawacheki. Waulizeni.

Mwanakombo akatoka ndani. Akamwona mgeni, akaenda moja kwa moja kumbusu mkono.

"Shikamoo, babu."

Zimwi hakuwahi kuamkiwa. Akatazama nyuma aone babu ni nani.

"Sema marahaba," Mwanakombo akamfundisha.

"Ma... marahaba."

"Mbona kucha zako ndefu hivi, babu? Huna mtu wa kukukata?"

Zimwi akafikiri. "Sina," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kidogo.

Mara Makame akaanza kukunja uso. Siwatu alikijua kile kikunjo: ni njaa. "Baba," akasema haraka, "mtoto mwenye tumbo tupu ana nini cha kuliwa? Ni ngozi na mifupa. Mlishe kwanza, anone."

Zimwi ni mlafi, akakubali. Akaletewa uji na kijiko. Kijiko cha kwanza Makame alikitema, kikamwingia zimwi jichoni. Cha pili alikipiga kofi, kikaruka mpaka kichwani. Cha tatu alifumba mdomo, akageuza uso.

"Hali!" zimwi akalalamika.

"Lazima ufungue mdomo wako wewe," Mwanakombo akamwambia. "Hivi. Aaam!"

Zimwi akafungua pango la mdomo wake. "Aaam!" Makame naye akafungua. Uji ukapita. "Aaam!" Ukapita. "Aaam!" Bakuli likaisha, na zimwi akajikuta amefurahi, hajui amefurahia nini. Alipoligundua hilo, akanuna.

Muda si muda Makame akaanza kukwaruza ufizi kwa ngumi. Siwatu akamwona, akajua: ni jino. Kabla hajasema neno, mtoto akakamata kidole gumba cha zimwi, akakitia mdomoni, akakitafuna kwa raha.

"Ananila!" zimwi akasema kwa mshangao.

"Mwache, baba, linamwasha jino. Wewe hupendi kutafuna?"

 Zimwi akakiacha kidole.

Lakini mtoto ni mzito, jamani. Unamshika mwepesi, baada ya kitambo amegeuka gunia. Mikono ya zimwi ikaanza kuuma. Akamhamisha kulia, akamhamisha kushoto, akamweka begani.

"Huyu habebwi hivyo," Mwanakombo akasema. "Anabebwa mgongoni. Inama, babu."

Zimwi akainama. Mama na binti wakamfunga mbeleko, fundo kubwa kifuani. Akasimama pale uani, meno nje, kucha nje, na kanga ya maua. Akisimama, Makame anaguna. Akitembea, Makame ananyamaza. Basi ikawa kutembea, kinu mpaka banda la kuku, banda la kuku mpaka kinu.

"Wangekuwa na nguvu watu wengine," Siwatu akasema kama anayeongea peke yake, "wangetwanga na mpunga, mtoto akarushwarushwa mgongoni akazidi kunona."

"Nani hana nguvu?" zimwi akafoka. Akashika mchi. Tu! Tu! Tu! Makame mgongoni hi, hi, hi! Mpunga wa siku mbili ukaisha. Siwatu akapepeta, akabandika chungu cha wali, macho yake hayatoki kwenye jua. Lilikuwa limebaki kidogo sana juu ya miti.

Ndipo usingizi ukamjia Makame.

Kila mzazi anakijua kilio cha usingizi. Hakina uji, hakina kidole, hakina mchezo. Makame akajifikicha macho. Akajinyonga mgongoni. Akapiga kichwa chake bega la zimwi, mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Kisha akafungua mdomo, akalia. Akalia kwa sauti yake yote, machozi mawili makubwa yakamtoka.

Koo la zimwi likafunguka. Likafunguka lote, mpaka ndani.

Siwatu akanyakua mchi. Hakuwaza kwamba zimwi ni mkubwa na yeye ni mdogo. "Mlaaniwa wewe, utanila mimi kwanza!" akasema, akauinua juu ya kichwa.

Lakini zimwi hakumtazama. Kiuno chake kilikuwa kimeanza kuyumba chenyewe, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mkono wake ukaenda nyuma, ukampigapiga mtoto matakoni, pole pole. Na kwenye lile koo lililokuwa wazi hakikuingia kitu. Kilitoka wimbo.

"Oo, oo, baba nyamaza,
mama yuko atwanga,
oo, oo, baba lala,
jua nalo lalala."

"Alie tu..." zimwi akaanza kujikumbusha, akasahau yaliyobaki. "Oo, oo," akasema.

Mwanakombo akamshika mama yake nguo. "Mama, mbona umeinua mchi? Babu anambembeleza."

Siwatu akausikiliza ule wimbo. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi. Kwikwi ikawa pumzi. Machozi yakamtoka Siwatu, lakini yake hayakumfungua mtu koo. Akaushusha mchi.

Mara hiyo Faki na wenzake wakaingia uani. Wakamwona zimwi, na mtoto mgongoni mwa zimwi. Wakachomoa mapanga, wakapiga kelele, "Zimwi! Zimwi! Zimwi!"

Zimwi akageuka na macho yake mekundu, akaweka ukucha mrefu mdomoni.

"Shhh! Mtoto ndiyo kwanza amelala!"

Wanaume wote wakanyamaza. Walikuwa baba wa watoto, walijua. Mmoja aliyekuwa ameinua mguu aliushusha kwa ncha za vidole. Mwingine aliyetaka kupiga chafya aliibana pua, macho yakamtoka.

"Amelala saa ngapi?" Faki akanong'ona, panga liko mkononi.

"Sasa hivi," zimwi akanong'ona. "Jino linamsumbua. Uji amekula bakuli zima."

Siwatu akafungua fundo, zimwi akainama, na watu wazima kumi na mbili wakazuia pumzi mtoto akilazwa mkekani. Makame akatikisa mkono. Wote wakaganda. Akavuta pumzi, akaendelea kulala.

Ndipo Siwatu alipomwangukia mtoto wake pale mkekani, akamnusa shingo, akashukuru kimya kimya. Na zimwi Mung'unye akasimama, akanyosha mgongo kwa mikono miwili kama wanavyonyosha wazazi wote, akatazama mikono yake mitupu, asijue aiweke wapi.

Faki alikuwa bado ameshika panga. Akamtazama mkewe. Siwatu akachota wali, akauweka kwenye sahani, akampa zimwi.

"Kula, baba," akasema. "Umefanya kazi."

Tangu siku hiyo Mung'unye hakuweza kula mtoto. Alijaribu, msidhani hakujaribu. Lakini kila akisikia kilio, kiuno kilianza kuyumba chenyewe, na koo likifunguka linatoa wimbo. Mazimwi wenzake walimcheka wee, wakachoka.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mliosikiliza, nendeni nayo kwenu. Mliosinzia, mmeikosa kwa uzembe wenu. Na mafunzo yake ni haya: mama humlea mtoto, na mtoto humlea aliyembeba.

Haya, Hidaya, niletee huyo mdogo wako. Ameshalala, na mkono wako umekufa ganzi, nakuona unavyokaza uso hutaki kumshusha.